Laptopu Mpya Inachemka? Usikimbilie kwa Fundi Kwanza!

Mmejinyima miezi sita, mmenunua mashine mpya ya nyumbani, wiki ya tatu inaunguza mapaja na feni inanguruma kama lori linalopanda mlima. Kabla hamjaanza kunyoosheana vidole, soma hapa. Waranti yako bado ina uhai, ila kuna njia nyingi za kuiua mwenyewe bila kujua.

Mpenzi msomaji, siku hizi laptopu ya nyumbani imeshika nafasi ya kabati la vyombo. Vijana wakioana, au hata wakiwa bado wachumba, mojawapo ya vitu vya kwanza wanavyochangia ni kompyuta. Ndani yake kuna kazi za ofisini, masomo ya jioni, picha za harusi, hesabu za mradi wa kuku na filamu za Jumapili. Kwa hiyo inapoanza kuchemka, kinachochemka si chuma na plastiki tu. Mara nyingi na nyumba nayo inapanda joto.

Tuchukulie mfano wa wanandoa wanaoishi Ngara. Mume ni wakala wa forodha pale mpakani Rusumo, na mke anasoma Chuo Kikuu Huria huku akifanya kazi ofisini. Wamechanga shilingi 1,600,000, wakapanda basi hadi Mwanza na kurudi na mashine mpya kabisa, boksi limefungwa, waranti ya mwaka mmoja. Wiki ya tatu, mke akiwa katikati ya tasnifu yake, mashine inazima yenyewe. Anaiwasha, baada ya dakika 20 inazima tena. Ukigusa karibu na kibodi, unatoa mkono haraka.

Mume anasema, "Si unaiwekaga kitandani?" Mke anajibu, "Si wewe uliyechagua ya bei rahisi?" Na hapo kasheshe imeshaanza. Jirani anaingilia kati na ushauri wake: kuna fundi mzuri hapo mjini, atafungua, atapuliza vumbi, atabadili pesti, elfu ishirini tu, jioni unaichukua.

Hapo ndipo wengi wetu tunapopoteza haki. Twende polepole.

JOTO LA KAWAIDA NA JOTO LA HATARI

Kwanza tuelewane: laptopu kupata joto ni jambo la kawaida. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, inatumia umeme, na umeme huo wote mwisho wake unageuka kuwa joto. Juu ya prosesa kuna kipande cha chuma na mirija ya shaba inayochukua lile joto na kulipeleka pembeni, ambako feni inalipuliza nje kupitia matundu. Kati ya prosesa na chuma hicho kuna mpako mwembamba, ule ambao mafundi wanauita pesti, unaosaidia joto lipite bila kukwama. Kimoja kati ya hivyo kikiwa na kasoro, au matundu yakiziba, joto linarundikana ndani.

Mashine ikiwa haifanyi kazi nzito, prosesa hucheza kwenye nyuzi 40 hadi 50 za Selsiasi. Ukiipa kazi ngumu, kama kuhariri video au kucheza gemu, kufika nyuzi 80 au hata kukaribia 90 si ajabu. Prosesa nyingi zina kikomo cha nyuzi 100 au karibu na hapo. Zikikikaribia zinajipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue, na hali ikizidi zinazima mashine nzima. Kwa hiyo ile laptopu ya rafiki zetu haizimi kwa kiburi. Inajiokoa.

Ishara za kukutia wasiwasi ni hizi:

• Feni inakimbia kwa nguvu muda wote hata ukiwa umefungua barua moja tu ya kuandika.
• Mashine inakuwa nzito ghafla, inakwama, kisha inazima yenyewe.
• Matundu ya hewa hayatoi upepo wowote ilhali mashine ni ya moto. Huenda feni haizunguki.
• Chaja inanuka au inashindwa kushikika.
• Sehemu ya chini imevimba, au kipanguso cha kipanya kimeinuka. Hii ni betri. Zima mashine, chomoa chaja, usiichaji tena na usiitoboe. Hapa hakuna cha kujaribu-jaribu.

Na jambo moja kwa wenzetu wa Ngara na Biharamulo: usiruhusu muuzaji akuambie kuwa tatizo ni joto la kwenu. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kulalamikia hali ya hewa, lakini mtu wa Ngara anayelala na blanketi mbili atamdanganya nani? Kama mashine inachemka kwenye baridi ya Ngara, kosa litafutwe kwingine.

JIPIME KWANZA, USIJE UKAUMBUKA

Kabla hujapanda basi, hakikisha una kesi. Mashine mpya katika siku zake za mwanzo hufanya kazi nyingi za chinichini: inashusha masasisho ya Windows, inapanga mafaili, inakagua virusi. Siku mbili tatu za joto na feni zinaweza kuwa ni hizo tu. Iache imeunganishwa kwenye intaneti nzuri mpaka imalize, kisha ipime upya.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Weka mashine juu ya meza ngumu, siyo kitandani, siyo kwenye kochi, siyo juu ya kitambaa cha kufuma. Godoro na blanketi huziba matundu ya chini, na hapo hata mashine bora kuliko zote itachemka. Fungua orodha ya programu zinazotumia prosesa uone kama kuna moja inayokula nguvu yote. Shusha programu ya bure ya kupima joto, zipo kadhaa, uangalie namba. Fanya hivyo kwa nusu saa ukiwa na kazi nyepesi, kisha nusu saa nyingine ukiwa na kazi nzito.

Jaribu pia mambo ambayo hayagusi skrubu hata moja: sakinisha masasisho kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji, punguza kiwango cha nguvu kwenye mpangilio wa umeme, futa matundu kwa brashi laini ukiwa umezima mashine. Barabara zetu za vumbi jekundu zinajulikana, na mashine inayokaa dukani au ofisini kando ya barabara inameza vumbi hilo kila siku. Ila vumbi la wiki tatu halitoshi kuua laptopu mpya. Ukiona linatajwa kuwa sababu, uliza maswali.

Kingine ni umeme. Wilaya za Ngara na Biharamulo zilikaa miaka mingi zikitegemea jenereta za dizeli za TANESCO, mbali na gridi ya taifa. Siku hizi mambo yamebadilika, na pale maporomoko ya Rusumo kuna mtambo wa maji wa megawati 80 unaogawanywa na Tanzania, Rwanda na Burundi. Lakini umeme kupanda na kushuka bado ni habari ya nyumba nyingi, na waranti nyingi haziwajibiki na madhara ya umeme. Nunua kifaa cha kulinda umeme. Kama kijijini kwenu, iwe Bisibo, Nyakahura au Rulenge, unatumia sola, angalia inveta yako: zile za bei ya chini ambazo mkondo wake si laini huweza kuichemsha chaja. Jaribu mashine kwenye umeme wa uhakika kabla ya kuihukumu.

SI WEWE PEKE YAKO

Wengine wakifika dukani wanaambiwa, "Hii kampuni kubwa, haiwezi kutoa kimeo." Usikubali changa la macho. Kampuni kubwa zimetoa vimeo, tena kwa mamilioni.

Agosti 2006 kampuni ya Dell iliita betri milioni 4.1 za laptopu zake zilizotengenezwa na Sony. Chembe ndogo za chuma zilikuwa zimeingia ndani ya betri wakati wa utengenezaji, zikaweza kusababisha shoti na moto. Mwezi huohuo Apple nayo ikaita betri zake milioni 1.8. Julai 2008, kampuni ya Nvidia, ambayo leo kila mtu anaitaja kwa mambo ya akili bandia, ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu zake za picha zilizokuwa zikifa mapema ndani ya laptopu. Chipu ilikuwa inapata moto na kupoa, inapata moto na kupoa, mpaka viungio vyake vinachoka. Dell na HP zikaongeza muda wa waranti kwa baadhi ya modeli. Mwaka 2018 Apple ilikiri kwamba kasoro kwenye programu ilifanya MacBook Pro mpya zipunguze kasi kupita kiasi zikipata joto, ikatoa marekebisho.

Wateja waliokuwa wameweka kumbukumbu zao ndio waliokuwa na la kusema mambo haya yalipotokea. Aliyekuwa amekwisha kumpelekea fundi wa mtaani alikuwa na kazi ngumu zaidi ya kuthibitisha kwamba kasoro ilitoka kiwandani.

KWA NINI SIYO FUNDI

Hatusemi mafundi wetu hawajui kazi. Wapo wazuri sana, na waranti ikiisha hao ndio wakombozi wetu. Tatizo ni karatasi. Mara nyingi masharti ya waranti husema kwamba madhara yaliyotokana na ufunguaji usioidhinishwa hayalipiwi. Wauzaji wengine hubandika stika ndogo juu ya skrubu, na ikichanika tu wanapata pa kusemea. Elfu ishirini ya fundi inaweza kukugharimu mashine ya milioni moja na laki sita.

Piga hesabu vizuri. Nauli ya kutoka Ngara hadi Mwanza na kurudi, pamoja na kulala usiku mmoja, haifiki hata robo ya bei ya ile laptopu. Na safari yenyewe imekuwa nafuu. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilizinduliwa Juni 2025, kwa hiyo ile habari ya kusubiri kivuko imebaki kuwa hadithi. Panga safari na mambo mengine: kumwona shangazi, manunuzi, hata matembezi ya wawili ufukweni. Nani alisema kufuatilia waranti hakuwezi kuwa mapumziko?

SIKU YA KWENDA DUKANI

Kwanza, wahi. Maduka mengine yanakubali kubadilisha mashine nzima ndani ya siku chache za mwanzo, lakini baada ya hapo ni matengenezo tu. Kila siku unayosema "tuone kesho" inakula nafasi yako. Hata kama huwezi kusafiri wiki hii, toa taarifa leo kwa maandishi, ujumbe wa WhatsApp au barua pepe, ili tarehe ibaki.

Pili, beba ushahidi. Risiti ya EFD ndiyo silaha kuu. Lakini kumbuka, karatasi zile hufifia, na karatasi iliyokaa kwenye dashibodi ya gari inaweza kuwa nyeupe pe kabla mwaka haujaisha. Siku hiyohiyo ya kununua, ipige picha na uitoe kopi. Beba kadi ya waranti na boksi. Piga video fupi mashine ikizima yenyewe, na picha ya namba za joto. Andika kijitabuni: tarehe, saa, ulikuwa unafanya nini, ilizima baada ya dakika ngapi. Fundi wa kituo akiiwasha ikafanya kazi vizuri kwa dakika tano, atakwambia haina tatizo. Video ndiyo itakayomjibu.

Tatu, angalia namba ya utambulisho iliyo chini ya mashine. Watengenezaji wengi wana ukurasa ambapo unaingiza namba hiyo na kuona waranti inaisha lini. Fanya hivyo mapema. Wapo waliogundua kwamba "mpya" yao ilianza kuhesabiwa waranti mwaka mmoja kabla hawajainunua. Hapo huenda kuna mtu alikutangulia.

Nne, hamisha data zako. Waranti hutengeneza mashine, haitengenezi kumbukumbu. Tasnifu, hesabu na mikataba viende kwenye diski ya nje. Na hapa tuseme wazi, kwa sababu gazeti hili halina haya: zile picha zenu za faragha, zitoeni zote. Mashine itakaa siku kadhaa mikononi mwa watu msiowajua. Toka kwenye akaunti zako za barua pepe na benki, na usiandike nywila yako kwenye karatasi ukaibandika juu ya mashine.

Tano, usiondoke bila fomu ya mapokezi. Iandikwe namba ya mashine, tatizo kwa maneno yako, hali yake ya nje, vitu ulivyoacha, tarehe na jina la aliyepokea. "Tutakupigia" siyo fomu.

NA WALIONUNUA KIGALI?

Kwa watu wa Ngara, Kigali ni karibu kuliko Dar es Salaam. Tangu kituo cha pamoja cha Rusumo kizinduliwe rasmi mwaka 2016, kuvuka kumekuwa kwepesi, na wengi wanarudi na vifaa vya elektroniki. Siyo vibaya. Ila uliza swali moja kabla ya kulipa: waranti hii inatambulika Tanzania? Waranti nyingine zinafanya kazi nchi ulikonunulia tu, nyingine zinakubalika kimataifa. Ikiwa ni ya kule tu, basi duka lako la waranti lipo ng'ambo ya daraja, na mashine ikiharibika utavuka nayo tena. Tunza na karatasi za forodha, usije ukaonekana unaingiza mzigo mpya kila safari.

WAKIKUGOMEA

Itatokea. Utaoneshwa maandishi chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Utaambiwa umeitumia vibaya. Usipige kelele, na usiondoke.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa anayouza mfanyabiashara iwe na ubora unaostahili kuuzwa, na ifae kwa kazi uliyomweleza ulipokuwa unanunua. Laptopu mpya inayozima kila baada ya dakika 20 juu ya meza haifai kwa kazi ya laptopu. Nayo Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, ikiwa ni pamoja na kumpotosha kuhusu waranti na haki zake. Tume ya Ushindani, maarufu kama FCC, ndiyo inayosimamia sheria hiyo na kupokea malalamiko ya walaji.

Kwa hiyo omba sababu ya kukataliwa kwa maandishi. Mara nyingi ombi hilo peke yake hubadilisha mazungumzo, kwa sababu mtu anayesema ovyo kwa mdomo huogopa kalamu. Kisha mwandikie meneja barua fupi: ulinunua lini, tatizo ni nini, unataka nini, na unampa siku ngapi. Nakala peleka kwa mtengenezaji, maana kampuni nyingi hazipendi jina lao lichafuliwe na duka moja. Ikishindikana, wapelekee FCC nyaraka zako zote kwa mpangilio.

TUSISAHAU MAPENZI

Turudi kwa wale wanandoa wetu. Ugomvi wao haukuwa juu ya prosesa. Mke aliogopa kufeli na kurudia mwaka. Mume aliogopa kuonekana ametapanya fedha ya familia. Hakuna aliyelisema la moyoni, wakaishia kusemeana kitanda na bei rahisi.

Mnapopata janga la kifaa cha pamoja, gawaneni kazi badala ya lawama. Mmoja awe msemaji wa dukani, kwa sababu watu wawili wenye maelezo mawili tofauti huharibu kesi. Mwingine asimamie nyaraka na tafutio la mashine ya kuazima ili kazi isilale. Na lile swali la nani aliiweka kitandani lijibiwe kwa ukweli, siyo kwa ajili ya adhabu, bali kwa sababu mtu wa duka ataliuliza. Ni afadhali mjue jibu nyumbani kuliko kuumbuana mbele ya kaunta.

Na mkifanikiwa, mashine ikarudi imetengenezwa au mkapewa nyingine, msiitie kabatini ile fomu. Mwombeni fundi wa kituo aandike alichobadilisha: feni, pesti au bodi nzima. Tatizo likijirudia, historia hiyo itawasaidia kudai mbadala badala ya matengenezo ya tatu na ya nne. Ipimeni tena mezani, nusu saa kwa nusu saa, siku ileile inapofika nyumbani.

Waranti mmeilipia, ipo ndani ya ile bei ya 1,600,000. Kuidai siyo usumbufu wala ukorofi. Mezani, risiti ipo? Video ipo? Data zimehamishwa? Basi kateni tiketi. Kazi kwenu!